Somo Lililofunga Karakana ya Sonara

Kwa miaka mingi nimefundisha India ya kale katika shule moja ya sekondari kule Tudor, na India yenyewe sijaiona hata siku moja. Pasipoti ninayo, lakini haina muhuri wowote. Yote niyajuayo nimeyatoa vitabuni, na vitabu ukivizoea sana hukutia kiburi cha kudhani umefika. Kipindi changu huwekwa baada ya chakula cha mchana, wakati wa joto la saa nane, feni ikizunguka kwa kujivuta na nusu ya darasa ikiwa imelalia madawati bila haya. Mimi huendelea vivyo hivyo. Sina subira na mambo mengi duniani, lakini somo hilo nalipenda.

Nalipenda kwa sababu linaonyesha watu wakibadilika. Mwanzoni wako wachunga ng'ombe, na utajiri wao ni ng'ombe. Mtu aweza kuwa mganga leo, na mwanawe akawa fundi seremala, na hakuna anayeshangaa. Kisha chuma kinapatikana. Shoka la chuma linaangusha misitu ya bonde la mto Ganga, mpunga unapandwa, ghala zinajaa, na panapojaa ghala hapakosi mfalme wa kudai fungu lake. Miji inazuka. Sarafu zinaanza kupita mikononi. Mafundi wanajikusanya mtaa kwa mtaa, wafinyanzi kwao, wafumaji kwao, wachonga pembe kwao, na kila ufundi una chama chake chenye mkuu wake na kanuni zake, hata mfalme anaziheshimu. Halafu polepole, vizazi baada ya vizazi, kile ambacho mtu alikuwa akikifanya kinageuka kile ambacho mtu amezaliwa nacho. Mlango unafungwa. Hapo ndipo huwaamsha wanafunzi kwa kugonga ubao, niwaulize nani aliufunga mlango ule.  Wengine hutazama mlango wa darasa.

Nakaa Mji wa Kale, katika nyumba aliyozaliwa mama yangu, kwenye kichochoro kinachotokea Ndia Kuu. Niliolewa, nikaachika, nikarudi kwetu, na tangu hapo tumekuwa wawili, mimi na mama. Mkabala na mlango wetu palikuwa na karakana ya sonara. Mzee mwenyewe alikuwa Mhindi wa Kibaniani, mzaliwa wa papa hapa kama baba yake. Mkewe alikwisha kufariki na wanawe wote wako Ulaya, wenye kazi za ofisini zisizohusu moto. Kipini alichovaa mama siku ya harusi yake kilitoka mikononi mwa baba wa mzee huyu. Bangili nilizovaa mimi alizifua mwenyewe. Ndoa yangu haikudumu, bangili zimedumu.

Nilikuwa nikimwita ami, kama tulivyofunzwa kuwaita wanaume wa rika la baba zetu, naye aliniita mwalimu mbele ya watu na mwanangu tukiwa peke yetu. Zamani karakana ile ilikuwa na mafundi watano wamekaa chini juu ya magodoro membamba. Nilipokuwa msichana nilikuwa nikisimama mlangoni kuwasikiliza wakigonga. Mmoja mmoja waliondoka. Dhahabu ikawa yaja kutoka Dubai imekwisha tengenezwa kwa mashine, mikufu myepesi inayong'aa sana, na maharusi wakaitaka hiyo. Jirani zake waliokuwa masonara wakageuza maduka kuwa ya manukato, na mmoja akafungua la vinyago vya watalii. Yeye alibaki, akifanya kazi za kurekebisha, kuunga mkufu uliokatika, kupunguza pete ya mtu aliyekonda kwa maradhi.

Siku moja shule ikatutangazia kwamba vipindi vya historia vitapunguzwa. Nilitoka Tudor nikiwa na hasira ya kuweza kumtafuna mtu. Nilipofika kichochoroni nilimkuta ami ameketi mlangoni, mikono imetulia mapajani, na hilo halikuwa jambo la kawaida kwake.

"Wambaje, mwalimu?"

"Njema, ami. Wewe wambaje?"

"Mimi namaliza," akasema, kana kwamba anataja hali ya hewa. "Vidole vyaanza kukataa. Na wa kumpa sina."

Sijui ni nini kilinishika. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na kitu, mwanamke mwenye chaki kwenye ukingo wa buibui. Nikamwambia, "Nipe mimi."

Akacheka. Alipoona sicheki, akaacha kucheka. Akanitazama mikono kwa muda mrefu, akasema nije kesho nikitoka shule.

Basi ndivyo nilivyoanza. Kila alasiri, isipokuwa Ijumaa, nilivuka kichochoro nikakaa chini mbele ya fuawe ndogo, chuma cha kufulia. Alinianzisha na shaba, dhahabu hakunigusisha. Alinifunza kuvuta waya: kuna bamba la chuma lenye matundu, kila tundu dogo kuliko lililotangulia, na waya unapitishwa tundu baada ya tundu, unapashwa moto, unapoozwa, unapitishwa tena, hadi unakuwa mwembamba wa kushonea. Siku za mwanzo niliukata waya kila jaribio. Sijawahi kuwa mjinga kwa namna ile tangu niwe mtu mzima, na kusema kweli nilifurahi. Shuleni kila mtu alinitazamia nijue.

Alikuwa na desturi zake. Siku ya mwezi kufichika, kabla haujaandama, hakufanya kazi, kwa kuwa baba yake hakufanya wala babu yake. Mimi niliisubiri siku hiyo kwa sababu nyingine, ya kwetu, nikitazama mwezi utaonekana lini. Na kabla ya mtu yeyote kutoka karakana, ilikuwa lazima akung'utwe juu ya sinia. Vumbi la dhahabu hushika kila mahali, kwenye nywele, kwenye kucha, kwenye nguo. Mafundi wa zamani alikuwa akiwapiga brashi yeye mwenyewe kuanzia mabegani. Kwangu aliona haya. Alinipa brashi, akageukia ukutani, nami nikakung'uta buibui langu juu ya sinia huku tukizungumza habari za bei ya nyanya. Mambo madogo ya heshima kama hayo ndiyo yaliyonifanya nimpende.

Mama hakupendezwa.

"Wewe ni mtu na daraja yako," aliniambia. "Sisi twavaa dhahabu, hatuipulizi moto. Hiyo kazi ina wenyewe."

"Wenyewe ni nani, mama? Wamekwenda zao."

"Hata kama wamekwenda. Yeo uketi chini na Baniani wavuta waya, kesho watu watasema nini?"

Nilimjibu vibaya, na sitaandika hapa nilivyomjibu. Lakini nitaandika hili, kwa sababu lanihusu: kabla sijaolewa, kijana mmoja wa kutoka bara, karani wa bandarini, alitaka kunioa, akawa tayari hata kusilimu. Mama alimkataa kwa neno moja tu, kwamba hatujui watu wake. Nami sikupigana. Nililia kidogo, nikaona mama ana haki, nikaolewa na yule ambaye watu wake tuliwajua. Kwa hiyo nikisimama darasani na kuuliza nani aliufunga mlango, jibu nalijua vizuri.

Tulipokuwa tukifanya kazi, ami alipenda nimsimulie somo langu. Hakuwa amesoma sana, na India ya kale kwake ilikuwa miungu na wafalme wa hadithi. Habari za mafundi hakuwahi kuzisikia. Nilipomweleza juu ya vyama vya mafundi, aliacha nyundo hewani. Kisa alichokipenda kuliko vyote ni cha wafumaji wa hariri. Wako wafumaji, nilimwambia, ambao miaka mingi sana iliyopita waliondoka Gujarati, nchi ya wazee wako, wakahamia mji wa mbali. Huko wengine wakashika upinde wakawa askari, wengine wakasoma nyota, wengine wakaendelea na hariri. Lakini chama chao hakikuvunjika. Walijenga hekalu la jua kwa pamoja, na lilipochakaa wakalitengeneza, na habari zao zikachongwa kwenye jiwe.

"Hata wale wa upinde walibaki chamani?"

"Walibaki."

"Basi watoto wangu nao wamebaki," akasema, akarudi kwenye kazi yake. Baada ya muda akaongeza, "Hekalu tu ndilo hatulitengenezi."

Kulikuwa na jambo moja ambalo hakunifunza. Dhahabu haiungwi kwa dhahabu tupu, kwani ukiichoma hadi iyeyuke basi na pambo lenyewe linayeyuka. Huungwa kwa lihamu, mchanganyiko unaoyeyuka mapema kidogo kuliko pambo. Kila nyumba ya masonara ina lihamu yake. Ya kwao ilikuwa na sifa, kwa kuwa haikuacha alama; mkufu ukiungwa huwezi kupaona mahali pa kiungo hata uutie machoni. Alipofika hatua ya kuichanganya alinituma nikamletee maji. Niliporudi ilikuwa tayari.

Sikukasirika. Alinieleza waziwazi. Alipopewa siri ile na baba yake aliapa mbele ya wazee wa jumuiya yao kwamba hatampa mtu ambaye wazee hawakumkubali. Tena karakana haikuwa mali yake. Nyumba ni ya jumuiya, na zana kubwa, fuawe, bamba la waya, mvukuto, zimeachwa na mafundi wa kwanza ziwe za watu wao. Yeye alikuwa mlinzi wake tu. Kuvuta waya angeweza kumfunza hata paka, alisema, lakini kunipa mahali na kunipa lihamu kulihitaji wazee wakae.

"Watakubali?"

"Nitazungumza nao. Wamebaki watatu."

Ilimchukua miezi. Alikuwa akivaa kanzu yake nyeupe ya kifundoni, aende, arudi, akae kwenye kazi yake. Vidole vyake vilikuwa vikizidi kukakamaa. Asubuhi, aliniambia, ilimbidi kuviloweka katika maji ya moto ndipo vifunguke. Nilimwona akiangusha koleo mara mbili kwa siku moja. Mimi nilikuwa nimefika kwenye fedha, nimetengeneza pete yangu ya kwanza, mbaya, yenye pembe isiyotakiwa. Nilijua kwamba hatuna muda. Tukikosa lihamu, yote niliyojifunza yangekuwa mchezo wa mwanamke asiye na kazi.

Mwishowe akaniambia wazee watanipokea Jumamosi alasiri, hapo hapo karakana.

"Watakuuliza," akasema. "Jibu kidogo, mwanangu."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo tu. Wataka nini, nataka kujifunza. Yatosha."

Ningemsikiliza. Laiti ningemsikiliza. Lakini mimi ni mwalimu, na mwalimu akiambiwa atahojiwa hawezi kwenda mikono mitupu. Niliona ami ananionea huruma, au anaona haya kuniambia kwamba wazee ni wagumu. Nikajiambia kwamba watu hawa hawajapata mtu wa kuwaeleza historia yao wenyewe. Usiku wa Ijumaa nikaandika karatasi sita. Nikazipanga kwa vichwa vya habari.

Wazee walikuja wakiwa wamepiga pasi nguo zao. Mmoja alikuwa mwenye duka la vifaa vya umeme, wa pili amestaafu kazi ya benki, wa tatu sikujua kazi yake, alikuwa kiziwi kidogo na mpole. Waliketi juu ya viti vilivyoletwa kwa ajili yao. Mimi niliketi chini, mahali pangu, mbele ya fuawe. Ami alisimama mlangoni. Wakanisalimu kwa adabu, wakaniuliza hali ya mama. Kisha yule wa benki akauliza, kwa Kiswahili safi kabisa cha hapa kwetu:

"Mwalimu, wataka nini kwetu?"

"Nataka kujifunza," nikasema.

Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Wakatazamana. Kimya kikapita, na kile kimya mimi nikakisoma vibaya. Niliona ni kimya cha watu wanaotafuta namna ya kukataa. Nikatoa karatasi.

Niliongea kwa muda mrefu. Nilianza na ng'ombe. Nikaenda kwenye chuma, mpunga, miji, sarafu, vyama. Niliwaambia jinsi wafanyabiashara walivyotajirika kupita makuhani, na walivyoipenda dini mpya ya watawa waliohubiri bila kumuuliza mtu amezaliwa wapi, kwa sababu dini ya zamani haikuwapa nafasi iliyolingana na mali yao. Niliwasimulia habari za wale wafumaji wa hariri, nikamwona ami akitabasamu mlangoni, na tabasamu lile likanipa nguvu nisizostahili kupewa. Maana sasa nilitaka kupiga msumari wa mwisho. Nilitaka kuwaonyesha kwamba madaraja hutengenezwa na watu na watu wanaweza kuyabadilisha. Na mfano wangu bora ulikuwa wao wenyewe.

Nikawaambia kwamba katika vitabu vya sheria vya kale, sonara aliwekwa chini. Kwamba chakula cha mkono wake kilikuwa cha kukataliwa. Kwamba mfalme aliagizwa amchunge sonara kuliko anavyochunga wezi, na akimkuta na udanganyifu amkate vipande. "Na tazameni leo," nikasema, nikiwa nimeinuka na kupiga magoti, mkono juu kama niko ubaoni. "Leo nyinyi ni watu wa heshima, watu wanawaamkia barabarani. Nani aliyewapandisha? Mlijipandisha wenyewe. Basi mlango uliofunguliwa kwenu, kwa nini mnifungie mimi?"

Nilidhani nimesema maneno mazuri. Naomba hilo lieleweke. 

Yule wa benki alikuwa ameinamisha kichwa anatazama viatu vyake. Yule kiziwi alimuuliza mwenzake kwa Kigujarati nimesema nini, na yule wa vifaa vya umeme akamweleza polepole, sentensi kwa sentensi, nami nikaona uso wa mzee yule mpole unavyojifunga. Ami hakuwa akitabasamu tena. Alikuwa ametazama nje, kichochoroni.

"Hayo yameandikwa?" akauliza yule wa benki.

"Yameandikwa."

"Na wewe huwafunza watoto hayo?"

"Ni historia," nikasema.

"Sisi tumeishi mji huu miaka mia na zaidi," akasema, "na hakuna mtu aliyewahi kutwambia neno hilo. Baba zetu walilikimbia huko. Umelileta wewe, humu ndani, mbele ya zana zao."

Alilisema bila kupaza sauti. Nikaanza kueleza kwamba hoja yangu ilikuwa kinyume chake, kwamba niliwasifu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kulitaja neno lile lile. Wakasimama. Wakaniaga kwa adabu, wakanipa salamu nimfikishie mama.

Baada ya siku chache barua ikamfikia ami. Jumuiya ilimshukuru kwa utumishi wake. Ilisema kwamba kwa umri wake ingefaa apumzike, na kwamba zana zitahifadhiwa katika kabati la kioo kwenye ukumbi wao, watoto wazione. Watu walikuja na mkokoteni wa hamali. Nilikuwa dirishani. Fuawe ilikuwa ndogo lakini nzito, ilibebwa na watu wawili. Mama alikuja akasimama nyuma yangu, akaona yote, akaniwekea mkono begani. Afadhali angenisimanga.

Ami alihamia Tudor, kwenye ghorofa ya mpwa wake, dakika kumi kwa miguu kutoka shuleni kwangu. Ilinichukua muda kupata uso wa kumwendea. Nilipokwenda, nilimkuta kwenye roshani yenye nondo, ameketi kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani. Alinikaribisha. Alimwita mpwa wake alete chai. Hakuna hata chembe ya chuki niliyoiona kwake, na hilo lilinichoma zaidi.

"Ami, nimekuharibia," nikasema. "Wasingekubali hata hivyo, lakini mimi nimewapa sababu."

 Nadhani alikuwa akipima kama aniambie au aninyime. Mwishowe akaniambia.

"Walikuwa wameshakubali, mwanangu. Tangu Alhamisi."

Sikuelewa.

"Ilikuwa ni kuja tu, kukuona, kukuuliza lile swali moja. Ndiyo desturi. Mwanafunzi haambiwi. Anaulizwa, anajibu, wanakaa kimya kidogo kumwombea, kisha mwalimu wake anamtia sukari guru mdomoni. Nilikuwa nimeikata. Ilikuwa jikoni kwenye sahani."

Nikaweka kikombe chini. Nilijaribu kukumbuka kile kimya kilikuwa kirefu kiasi gani. Sekunde kumi. Labda kumi na tano. Wanafunzi wangu nawapa muda zaidi ya huo wakijibu swali.

"Kwa nini hukunizuia?"

"Ulikuwa wasema kweli," akajibu. "Na ulikuwa umefika kwa wale wa hariri. Nilipenda wasikie hao."

Niliendelea kwenda, mara moja kwa wiki, nikitoka kipindi cha mwisho. Alikuwa akizidi kupungua. Tulizungumza habari za bei ya nyanya. Siku moja aliniambia nifunge mlango wa roshani. Akasema amefikiri sana, na kwamba wazee waliomuapisha wote wameshakufa, na hawa watatu si wao. Akasema kiapo ni cha wenye kiapo.  Alikuwa mtu aliyeshika kila kanuni aliyopewa maisha yake yote, na sasa, katika umri ule, alikuwa anavunja moja kwa ajili yangu.

"Toa daftari," akasema. "Andika lihamu."

Nikatoa. 

"Dhahabu, ile ya pambo lenyewe, chukua kiasi cha..." Akainua mkono, akafanya kama anashika kitu kati ya kidole gumba na cha shahada. "Kiasi hiki. Kisha fedha. Fedha ni..." Mkono ukabaki hewani. "Fedha, kisha shaba. Hapana. Shaba hutangulia."

Nilifuta nilichoandika. Nikasubiri.

"Kalibu ya kuyeyushia ikiwa nyekundu unatia. Hapana, haijawa nyekundu, inakuwa na rangi ya..." Akatazama nje akiitafuta ile rangi kwenye kuta za maghorofa. "Wajua ile rangi. Uliiona."

"Sikuiona, ami. Ulinituma maji."

Akafumba macho. Vidole vyake vilikuwa vikienda kwenye hewa, vikichota, vikigeuza, vikishika bomba la kupulizia moto lisilokuwapo, na midomo ikihesabu kitu kwa Kigujarati. Alianza upya. Akaanza tena. Kila alipofika kwenye fedha alisimama. Nilimwona akiogopa, na sikuwahi kumwona akiogopa kitu.

"Nipe koleo," akaniambia ghafla kwa sauti ya kuamuru, sauti ya zamani ya karakana. "Nipe makaa na ule mvukuto, nitakumbuka saa hii hii. Si kitu cha kichwani hiki. Nenda kawaambie wanipe, dakika tano tu."

Nilikwenda. Nilikwenda jioni ile ile, nikamkuta yule wa benki ukumbini, nikaomba, kidogo, kama nilivyopaswa kuomba mara ya kwanza. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema kabati limefungwa na ufunguo uko kwa mwenyekiti, na mwenyekiti amesafiri, na hata hivyo hawezi kuahidi. Akaniuliza hali ya mama.

Ami alifariki kabla mwenyekiti hajarudi. Daftari ninalo. Ukurasa ule una maneno matatu, dhahabu, fedha, shaba, na hata mpangilio wake siuamini.